Mama ana goti linalosagika: je, picha ya gegedu inaweza kutuambia litaharibika kwa kasi gani?

#1 MwanaIsyonje
Wakuu, salaam. Naomba maarifa yenu kuhusu jambo moja tu, na nitashukuru tukibaki humo.

Mama yangu ana miaka 61. Amelima viazi kwenye miteremko ya Isyonje tangu nikiwa mgongoni mwake, na mpaka mwaka juzi alikuwa bado anatoa debe la viazi shambani hadi barabarani likiwa kichwani. Goti la kulia lilianza kumwuma akiteremka, wala si akipanda. Sasa kila asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda akaunyoosha na kuukunja mguu mara kumi hivi kabla ya kusimama, na mimi nikiwa chumba cha pili nalisikia goti likilia kama mtu anayekanyaga changarawe.

Alipigwa eksirei, ripoti ikasema ni osteoathritisi, yaani kusagika kwa kiungo, ya daraja la pili kati ya manne. Nilipomuuliza daktari ugonjwa utakwenda kwa kasi gani, alijibu kwamba eksirei haiwezi kulisema hilo na kwamba wenye uwezo hupiga MRI, ile picha ya sumaku. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza programu ya kompyuta iliyosoma picha za MRI za gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) za watu ambao bado hawakuwa na dalili, ikabashiri nani angepata ugonjwa huu miaka mitatu baadaye kwa usahihi wa asilimia 78. Je, niuze ng'ombe ili mama apigwe picha hiyo? Atapata jibu la kweli au nitabaki na karatasi tu?

#2 FundiEksirei_Mbalizi
Pole kwa kuuguza, mkuu. Kabla ya kugusa ng'ombe, nijibu swali moja: mama alipigwa ile eksirei akiwa amesimama au amelala?

Nauliza kwa sababu eksirei hailioni gegedu kabisa. Inaona mifupa, kisha sisi tunapima nafasi iliyobaki kati ya paja na muundi na kuichukulia nafasi hiyo kuwa ndiyo gegedu. Mgonjwa akilala mezani, uzito hauligandamizi goti, na nafasi huonekana pana kuliko ilivyo. Nimefanya kazi hii miaka 17 na nimeona magoti mengi yaliyoandikiwa "nafasi ni ya kawaida" kwa sababu tu mgonjwa alilazwa.

#3 BabaWaMakete
Ndugu zangu, hili jambo halihitaji mashine. Watu wa huku juu, kuanzia Makete, Kitulo mpaka Uporoto, tunaumwa magoti kwa sababu ya baridi. Mwezi Juni na Julai umande unaganda juu ya majani, na mama anaingia shambani bila viatu. Hiyo ni baridi yabisi, na jina lenyewe linajieleza. Mvalishe soksi ndefu za sufu, uone.

#4 TabibuWaViungo
Mzee wangu wa Makete, shikamoo. Naomba nikusahihishe kwa heshima, kwa kuwa majina haya mawili yakichanganywa mgonjwa hupewa dawa isiyo yake. Baridi yabisi, kwa maana inayotumiwa hospitalini, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo. Mara nyingi huanza kwenye vidole vya mikono, pande zote mbili, na asubuhi ukakamavu hudumu saa nzima au zaidi. Mama wa mwanzilishi wa uzi anaumwa goti moja na ukakamavu wake unaisha baada ya kukunja mguu mara kumi. Hiyo ni osteoathritisi, na hailetwi na baridi. Sikatai kwamba baridi huongeza maumivu, maana wagonjwa wangu wengi hulisema hilo kila Juni, lakini kuongeza maumivu na kumaliza gegedu ni mambo mawili tofauti.

Lipo neno moja katika bandiko la kwanza ambalo naona limepita bila kuangaliwa. Mama huumia akiteremka. Mtu anapoteremka, pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) hukandamizwa kwa nguvu dhidi ya mfupa wa paja, na sehemu hiyo haionekani vizuri kwenye eksirei inayopigwa kutoka mbele. Inawezekana goti hili limepigwa picha mahali pasipouma.

#5 BabaWaMakete
Marahaba, daktari. Nimekuelewa kuhusu majina. Soksi hata hivyo sizivui.

#6 MwalimuMstaafu_Iringa
Kamwene. Nitatoa ushuhuda wa nyumba moja. Mimi nina miaka 70. Goti langu la kushoto lilipigwa eksirei nikiwa nimesimama, na mfupa umegusana na mfupa upande wa ndani. Ninatembea kutoka Kitwiru hadi mjini na kurudi, na siku nyingi sinywi dawa yoyote. Mke wangu ana miaka 64. Picha yake ni safi, lakini kuna usiku analia kwa maumivu. Tuna picha mbili na magoti mawili, na picha iliyo mbaya ni ya yule asiyelia. Ndiyo maana mtu anaponiambia kwamba picha inatabiri, namuuliza inatabiri nini hasa: unene wa gegedu, au maumivu, au siku ya kufanyiwa upasuaji? Hayo ni mambo matatu, na kila mtafiti huchagua moja kisha huliita "kuendelea kwa ugonjwa".

#7 Mchunguzi_Sae
Swali la Mwalimu ni zito na nitalirudia. Kwanza nieleze picha zenyewe zinavyofanya kazi, kwa sababu nadhani wengi tunadhani MRI ni eksirei kubwa. MRI haitumii mionzi kama ya eksirei. Ni sumaku yenye nguvu pamoja na mawimbi ya redio, na kinachopigwa picha hasa ni maji yaliyomo mwilini.

Gegedu ni maji kwa sehemu kubwa, zaidi ya nusu ya uzito wake. Maji hayo yameshikwa na vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzi za kolajeni zilizosukwa kama ungo. Cha pili ni proteoglaikani, molekuli zenye chaji hasi zinazoyavuta maji na kuyang'ang'ania. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hiyo likianza kuoza ndani halikuambii kitu. Kabla halijapungua unene, ule ungo hulegea na proteoglaikani huchuruzika, na hapo ndipo watafiti wanapotaka kulikamata.

Zipo njia tatu ambazo zimefanyiwa kazi nyingi. Ya kwanza huitwa T2, nayo hupima jinsi maji yanavyotulia baada ya kuchokozwa. Nyuzi zikilegea, maji huwa huru zaidi na thamani ya T2 hupanda. Ya pili ni T1rho, ambayo inahisi zaidi upungufu wa proteoglaikani. Ya tatu hutumia dawa ya gadoliniamu inayochomwa mshipani. Dawa hiyo ina chaji hasi, kwa hiyo husukumwa nje na gegedu lenye afya na kuingia kwa wingi kwenye gegedu lililopoteza proteoglaikani. Njia hii ya tatu inataka mgonjwa asubiri saa moja na zaidi baada ya sindano, na haimfai mwenye figo mbovu.

Kazi ya mwaka 2020 aliyoitaja mwanzilishi ilitumia T2, na uzuri wake ni kwamba haikuangalia wastani peke yake. Magoti mawili yanaweza kuwa na wastani uleule wa maji, moja likiwa limetulia sawasawa na jingine likiwa na mabaka mabaka. Kompyuta ilifundishwa kuusoma mpangilio huo wa mabaka, ambao jicho la daktari haliwezi kuushika. Mimi binafsi naona huo ni ugunduzi wa kweli, na nauamini mwelekeo wake.

#8 MwanaIsyonje
Ahsante sana Mchunguzi. Kwa maelezo haya naona ng'ombe anakaribia mnadani. Fundi, filamu yenyewe iko nyumbani Isyonje. Jumamosi nitaiangalia.

#9 HesabuZaNjombe
Mkuu, mrudishe ng'ombe zizini kwanza. Nafanya kazi ya takwimu, na hiyo asilimia 78 naomba tuipime kwa viazi.

Tuchukulie una viazi 100 ghalani, na 10 kati ya hivyo vitaoza ndani ya miaka mitatu. Una mashine inayotambua asilimia 78 ya vitakavyooza, na kwa usahihi uleule inavitambua vitakavyobaki vizima. Katika vile 10, itavishika karibu 8. Katika vile 90 vizima, itakosea kwa asilimia 22, yaani itavinyoshea kidole karibu 20 visivyo na kosa. Jumla vilivyonyoshewa kidole ni 28, na vitakavyooza kweli ni 8 tu. Ukibeba kiazi kimoja kati ya hivyo 28, hujui bado kama ni kibovu. Vitakavyooza vikiwa 50 kati ya 100, hesabu inageuka kabisa na mashine ileile inakuwa mshauri mzuri. Kwa hiyo kuaminika kwa jibu la mashine kunategemea pia ghala unaloipeleka.

Jambo la pili ni kwamba utafiti ule ulichambua watu 86. Ni mwanzo mzuri, lakini si idadi ya kuuzia mfugo. Picha zenyewe zilitoka kwenye mradi mkubwa wa Marekani ulioanza kuandikisha watu mwaka 2004 na kupiga MRI magoti 4,796.

#10 Mchunguzi_Sae
Marekebisho madogo: 4,796 ni watu, si magoti. Walikuwa na umri wa miaka 45 hadi 79, walipatikana katika vituo vya Baltimore, Columbus, Pittsburgh na Pawtucket, na walifuatiliwa kwa miaka mingi kwa mashine za tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Hesabu yako ya viazi naikubali.

#11 HesabuZaNjombe
Nimesahihishwa, ni watu. Na majina hayo ya miji yananipa hoja niliyokuwa naitafuta. Kompyuta imejifunza magoti ya Baltimore na Pittsburgh. Watu hao wengi wana uzito mkubwa, wastani wa uwiano wa uzito na urefu (BMI) wao ulikuwa juu ya 28, na sidhani kama wapo wengi waliobeba debe kichwani kwenye mteremko kwa miaka 40. Programu iliyofundishwa kwa goti la mtu mzito anayepanda gari itamsoma mama wa Isyonje kwa kamusi ya lugha nyingine.

#12 SumakuTu
Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha MRI, mji sitautaja. Nataka kusema jambo ambalo naona ndilo kiini na halijaguswa. MRI ambayo mama atapigwa kwenye hospitali ya kawaida siyo MRI ya utafiti ule.

Sisi tunapiga picha za kuangalia kama meniskasi (mto ulio kati ya paja na muundi) imechanika, kama kano zimekatika, kama kuna maji gotini, na kama gegedu lina tundu linaloonekana kwa macho. Ramani ya T2 inahitaji mfululizo maalumu wa picha na programu ya kuzichambua, kisha mtu wa kuchora mipaka ya gegedu kipande kwa kipande. Mgonjwa akija na barua inayosema "MRI ya goti", anapata ile ya kwanza. Ripoti itasema "gegedu limepungua unene upande wa ndani", na hakuna mahali itakapoandika kasi. Mwaka jana mzee mmoja alitoka Sumbawanga na mwanawe wakitaka "MRI ya kutabiri". Nilimweleza kabla hajalipa, akaniangalia kama mtu aliyenyimwa dawa, na bado naukumbuka uso wake. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza hospitali si bei. Waulize kama wanapima T2 ya gegedu na nani ataisoma.

#13 MwanaIsyonje
Hili sikulijua kabisa, na daktari hakulitaja. Ahsante.

#14 MfupaKwanza
Naona uzi mzima umeshikwa na gegedu, wakati goti ni kiungo kizima. Nitatetea mfupa na meniskasi. Mwaka 2003 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba watu ambao MRI iliwakuta na madoa ndani ya uboho (ile nyama laini ya ndani ya mfupa), chini tu ya gegedu, ndio ambao magoti yao yaliharibika haraka zaidi, na upande uliokuwa na doa ndio uliosagika. Madoa hayo yanaonekana kwenye MRI ya kawaida anayoieleza SumakuTu, bila ramani yoyote. Uboho una mishipa ya fahamu, gegedu halina. Huoni kwamba hapo ndipo maumivu ya mke wa Mwalimu yanapoweza kuwa yamejificha, eksirei ikiwa safi?

Tena kuna jambo la bure ambalo linatabiri kuliko tunavyodhani. Mama ana matege? Utafiti wa mwaka 2001 ulifuatilia magoti yenye ugonjwa huu kwa miezi 18, na wenye matege walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kuharibika zaidi upande wa ndani. Kuangalia matege hakuhitaji umeme. Msimamishe mama, visigino vikutane, utazame nafasi kati ya magoti.

#15 MwalimuMstaafu_Iringa
MfupaKwanza, mke wangu amesoma bandiko lako na amenituma nikushukuru. Ila usinivute haraka. Mwaka 2012 kule Framingham, Marekani, walipiga MRI watu 710 wenye zaidi ya miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha ugonjwa wowote, wakakuta asilimia 89 wana angalau kasoro moja. Na mwaka 2008 walikuta kwamba kati ya wenye meniskasi zilizochanika, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wowote mwezi uliotangulia. Kama karibu kila mzee ana kasoro kwenye MRI, basi kasoro peke yake inatabiri nini zaidi ya uzee?

#16 MfupaKwanza
Mwalimu, kasoro zipo aina nyingi na hazilingani uzito. Mvi nazo ni mabadiliko ya uzee, lakini hakuna anayezilinganisha na mtoto wa jicho.

#17 MchumaChai_Mufindi
Nimechuma chai miaka 22, na naomba nisikilizwe ingawa sina digrii. Nyote mnatafuta jibu ndani ya goti. Mimi naliona juu ya kichwa na mgongoni. Wanawake tuliokuwa tukipanda na kikapu mpaka kituo cha kupimia ndio tunaochechemea leo, na makarani waliokuwa wakisubiri pale kwenye mizani, wa umri wetu, hawachechemei. Kama mnataka kutabiri goti la mtu, muulizeni alibeba nini, kwa miaka mingapi, kwenye mlima gani.

#18 TabibuWaViungo
Dada, umesikilizwa, na utafiti unakuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Kazi za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito zinahusishwa na ugonjwa huu kwa ushahidi wa miaka mingi. Kuna jambo lililowashangaza watafiti waliowalinganisha wanawake wazee wa Beijing na wale wa Framingham. Wale wa Beijing walikuwa wembamba zaidi, lakini magoti yao yalikuwa na ugonjwa huu mwingi zaidi. Kuchuchumaa kwa saa nyingi tangu ujana kulitajwa kama sababu mojawapo.

Ila tusiutupe uzito wa mwili. Imepimwa kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye ugonjwa huu hupunguza karibu kilo nne za mkandamizo gotini kwa kila hatua. Na debe la kilo 20 kichwani ni uzito wa mwili kwa muda wote linapokuwa kichwani. Goti halijui kama kilo hizo ni nyama au viazi.

#19 HesabuZaNjombe
Dada wa Mufindi, ulinganisho wako wa wachumaji na makarani ni mzuri kuliko tafiti nyingi nilizopitia, kwa kuwa mliishi mahali pamoja, mkala chakula kimoja, na baridi mliyopigwa ni ileile. BabaWaMakete, umeona? Makarani nao walipigwa na baridi.

#20 BabaWaMakete
Nimeona. Ila karani alikuwa na koti.

#21 JikoLaTukuyu
Ugonile. Kwetu dawa ni supu ya kongoro na juisi ya bamia, maana ule utelezi ndio unaorudisha ute wa goti. Shangazi yangu amekunywa miezi sita na sasa anapanda Tukuyu mjini bila fimbo. Je, hizo MRI zingeweza kuonyesha gegedu lake limerudi?

#22 Mchunguzi_Sae
Kolajeni ya kongoro ikifika tumboni humeng'enywa kama nyama yoyote, haina njia ya kwenda gotini ikiwa nzima. Nafurahi kwamba shangazi anatembea, na supu ni chakula kizuri. Swali lako la mwisho ndilo la maana: ndiyo, MRI inaweza kupima kama gegedu limeongezeka, na imeshafanya hivyo kwa dawa halisi. Kilichopatikana kinampa nguvu Mwalimu kuliko mimi.

Dawa moja ya kuchoma gotini, sprifermini, ilionyesha kwenye majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019 kwamba inaongeza unene wa gegedu baada ya miaka miwili. Mabingwa wa picha walishangilia. Lakini maumivu ya waliochomwa dawa hayakutofautiana waziwazi na ya waliochomwa maji tu. Upande mwingine kuna sindano za steroidi ambazo watu wengi huku wanachomwa. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya watu 140, nusu wakichomwa triamsinoloni, ambayo ni steroidi mojawapo, kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na nusu maji ya chumvi. Waliochomwa dawa walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa nafuu kuliko ya wenzao. Unaona picha na maumivu zinavyoachana njia panda. Hata hivyo bila picha tusingejua kwamba sindano za kila mara zinakula gegedu, kwa hiyo siko tayari kuitupa.

#23 MwalimuMstaafu_Iringa
Ahsante kwa uungwana wa kunipa pointi yangu mwenyewe. Mke wangu alichomwa sindano nne mwaka mmoja kwenye zahanati fulani, na hakuna aliyetueleza hili.

#24 MwanaIsyonje
Wakuu, nimerudi kutoka nyumbani. Fundi, ulikuwa sahihi. Nilimuuliza mama akasema alilazwa mezani. Filamu yenyewe haina alama yoyote ya kuonyesha kwamba alisimama. Nilimsimamisha visigino vikiwa pamoja, na kati ya magoti vidole vyangu vitatu vilipita. Baba akacheka akasema miguu hiyo ndiyo aliyoiona kwanza.

Nimempeleka kwenye kituo kingine. Wamempiga amesimama, goti limekunjwa kidogo, wakampiga kwa ubavu, kisha picha ya pia ya goti ikiwa imeangaliwa kwa juu. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya ng'ombe. Ripoti inasema nafasi ya ndani ya goti la kulia ni milimita 3, la kushoto milimita 4.5, na pia ya goti ya kulia imesogea nje kidogo, nafasi yake ya nje imebana. Daraja bado ni la pili. Naomba mnisomee.

#25 FundiEksirei_Mbalizi
Hongera, hizo sasa ni picha za goti. Tofauti ya milimita moja na nusu kati ya magoti mawili ya mtu mmoja, yaliyopigwa siku moja, haiwezi kuwa makosa ya mashine peke yake. Ile filamu ya kwanza usiitumie kulinganisha.

#26 MfupaKwanza
Matege ya vidole vitatu na upande wa ndani uliobana: hicho ndicho nilichokitarajia. Kwangu huo ni utabiri tosha kwamba goti la kulia liko kwenye njia ya haraka. Kama utapiga MRI yoyote, piga ya kawaida utafute madoa ya uboho.

#27 TabibuWaViungo
Nakubaliana na matege ila sikubaliani na hitimisho. Milimita 3 inaweza kuwa gegedu lililopungua, na inaweza kuwa meniskasi iliyosukumwa nje ya nafasi yake gegedu likiwa bado zima. Eksirei haiwezi kutofautisha hayo mawili. Na kinachomwuma mama akiteremka, kwa maoni yangu, kiko kwenye ile picha ya tatu, nyuma ya pia ya goti. Misuli ya mbele ya paja iimarishwe kuanzia wiki hii. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu, ahesabu hadi kumi, aushushe. Sikuahidi kwamba gegedu litarudi, ila maumivu na mwendo huboreka kwa mazoezi, na hilo lina ushahidi wa kutosha.

#28 Mchunguzi_Sae
Hilo la meniskasi ndilo hasa ambalo MRI ingelitatua. Nabaki na msimamo wangu kwamba tunaishi miaka ambayo picha ya maji ndani ya gegedu itatangulia milimita zote hizi, na ningetamani siku moja ipigwe kwa wanawake 500 wa Uporoto na Mufindi, wafuatiliwe miaka mitano, tuone kama mabaka yao yanafanana na ya Pittsburgh.

#29 MchumaChai_Mufindi
Mkija kuandikisha, mimi niwe wa kwanza. Mama wa Isyonje, wewe ile debe usiirudie hata goti likinyamaza.

#30 MwanaIsyonje
Nimemsomea mama mabandiko yenu yote, la Makete pia. Debe amekubali kumwachia mdogo wangu, ila kwa masharti kwamba yeye ndiye atakayechagua mbegu. Ng'ombe bado yupo. Nimeamua eksirei irudiwe baada ya mwaka mmoja, mahali palepale. Fundi, naomba unisaidie jambo moja: niwaombe waandike nini juu ya filamu, ili mwaka ujao goti likunjwe kwa pembe ileile?

#31 FundiEksirei_Mbalizi
Waombe waandike neno "amesimama", nyuzi za mkunjo wa goti, pembe ya mrija wa mashine na umbali wake hadi kwenye filamu. Na wewe chukua karatasi ngumu, mama asimame juu yake, uchore nyayo zake kwa kalamu kama zilivyokaa siku ya picha. Karatasi hiyo uihifadhi pamoja na filamu, mwakani asimame juu ya michoro ileile.